Uzi: Plasta ya ultrasaundi inayosoma presha kila pigo la moyo. Itashika kwenye jasho la Mombasa?

Fundi_wa_Tudor
Asalaam aleikum wanabaraza, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Kazi yangu ni kutengeneza mitambo ya hospitali: inkubeta, mashine za oksijeni, skani za wajawazito, na hizi mashine za presha ambazo haipiti wiki bila kuletewa moja inayovuja upepo. Nafungua uzi huu kwa sababu ya mamangu.

Mwaka jana alikuwa akienda kliniki moja hapa mjini, sitaitaja. Iko orofa ya pili na lifti imekufa. Mama ana miaka 68. Anapanda ngazi, anafika anahema, anakalishwa, mkanda unafungwa juu ya mkono wa buibui, 174/98. Dawa ikaongezwa. Mwezi uliofuata ngazi zile zile, hesabu ile ile, dawa ikaongezwa tena. Wiki mbili baadaye aliamka alfajiri kutia udhu, akaona kiza, akaanguka bafuni na kuvunjika kifundo cha mkono.

Nikaazima mashine ya saa 24, ile ya mkanda unaojijaza wenyewe kila nusu saa. Saa tisa usiku: 96/54. Ngazi ndizo zilizokuwa na presha, mama alikuwa akimezeshwa dawa za ngazi.

Lakini hata mashine hiyo ilinitia shaka. Kila nusu saa inabana mkono, vuuu, mama anaamka, anavuta istighfari, analala. Presha niliyoandika saa tisa ni ya mtu aliyelala au ya mtu aliyeamshwa na mashine?

Ndipo nikaingia kusoma habari ya plasta ya ultrasaundi. Kikundi cha Sheng Xu, Chuo Kikuu cha California kule San Diego, kilitoa ya kwanza mwaka 2018. Unene wake maikromita 240, karibu robo milimita, laini kama ngozi ya pili, inavutika hadi asilimia 60 bila kukatika, na sauti yake inafika kama sentimita 4 chini ya ngozi. Haibani kitu. Inatazama mshipa ukitanuka na kunywea kwa kila pigo, na kutoka hapo inachora wimbi zima la presha. Kumbukeni mkanda tunaotumia ni wa Riva-Rocci, 1896, na kusikiliza mlio kwa kipimo cha daktari ni kazi ya Korotkov, 1905. Tangu hapo tunabana na kusikiliza tu.

Nataka tuijadili kama watu wa Mombasa. Si "teknolojia imefika", bali: itakaa kwenye mkono wa mtu anayeishi hapa?

Nahodha_Likoni
Yakhe, maneno mengi. Saa ya shemeji yangu inampa presha na hatua na usingizi. Plasta ya nini?

Fundi_wa_Tudor
@Nahodha_Likoni saa ya shemeji inamulika taa ndani ya ngozi, inasoma damu ya vimishipa vidogo vya juu juu, halafu programu inakisia presha. Za Samsung zenyewe zinakutaka urudi kwenye mkanda wa kawaida kila siku 28 uikalibreti upya, yaani uilinganishe tena na mkanda. Na taa ina mambo yake na ngozi nyeusi. Vile vipimo vya oksijeni vya kubana kidole vimeshaonekana kuwakosea watu weusi zaidi ya weupe. Sauti haijali rangi. Inapita, inagonga ukuta wa mshipa wenyewe, inarudi.

Bi_Kibokoni
Mwanangu fundi, pole kwa mamako. Mimi nami n'na suala la mtu asosoma. Ultrasaundi naijua ya mtoto tumboni. Yaona kichwa, yaona miguu. Sasa presha ina sura gani hata ionekane?

Fundi_wa_Tudor
Bi, suala lako ndilo suala lenyewe. Presha haionekani. Kinachoonekana ni mshipa ukivimba.

Ngoja nikueleze nilichofanya mwezi uliopita. Niliwekewa mezani skani ya kubeba, imekwisha kutengenezwa, yasubiri mwenyewe. Nikafunga mlango, nikajipaka geli shingoni, nikaweka ile probu bapa ya mishipa, upande wa kulia chini ya taya. Kwenye kioo mshipa mkubwa wa shingo ni duara jeusi, kando yake duara jingine limelegea. Ukibonyeza probu kidogo lile legevu linapotea, ndiyo vena, inayorudisha damu moyoni. Jeusi linabaki linadunda, ndiyo ateri, inayoitoa moyoni. Nikageuza mashine ifuatilie mstari mmoja tu, tena na tena mstari ule ule, ikaanza kuchora kuta mbili: ya juu na ya chini, kama reli mbili zinazopumua. Nikapima. Zikiwa zimekaribiana, milimita 6.4. Moyo ukipiga, 6.9. Nusu milimita. Nikashuka ngazi na kupanda mara tatu, nikarudi: reli zinaruka.

Kwa hiyo plasta haipimi presha, Bi, inapima upana. Presha inatokana na hesabu: mshipa huu ukiwa na upana huu, ndani mna nguvu kiasi gani? Na ili ujue hilo lazima ujue mpira wa mshipa ni mgumu kiasi gani. Unapimwa mara moja kwa mkanda wa kawaida, ya juu na ya chini, chombo kinaandika "kumbe nilipoona upana ule presha ilikuwa hii", na kuanzia hapo kinaendelea peke yake. Tena mshipa haufuati mstari ulionyooka. Mwanzo unatanuka kwa urahisi, ukishajaa unakaza. Mpulizie mtoto puto utaona, ila kinyume: puto mwanzo ndiyo linakataa.

Kijana_wa_Saketi
Niko mwaka wa nne wa uhandisi, nimeona bora niweke hesabu watu waone ugumu uko wapi.

Sauti mwilini inakwenda kama mita 1540 kwa sekunde. Shingoni fundi ana nusu milimita ya kuchezea. Kwenye kifundo cha mkono mshipa una kama milimita 2.5 tu na unatikisika labda 0.05. Mwangwi kwenda na kurudi unabadilika kwa nanosekunde 65, yaani sehemu 65 za bilioni za sekunde. Na mawimbi yenyewe ya 7.5 MHz (mitetemo milioni 7.5 kwa sekunde) yana urefu wa milimita 0.2. Yaani unapima kitu chembamba kuliko unywele kwa rula yenye alama nene kuliko unywele, na unafaulu kwa sababu unasoma wimbi limesogea kiasi gani, huhesabu mawimbi mazima.

Kinachonifurahisha ni mpangilio. Fuwele za piezo, zile zinazotoa sauti na kupokea mwangwi, ni ngumu kama kigae, hazikunjiki. Wao wamezikata vipande vidogo vidogo, kila kipande kisiwa chake, na kati ya visiwa wakalaza nyaya za shaba zilizojikunja kama nyoka, juu na chini silikoni. Ukivuta, visiwa havivutiki, nyaya ndizo zinanyooka. Kama Lamu na Manda na Pate, kisiwa hakiendi popote, jahazi ndilo linalozunguka 😂

Toleo jipya waliloandika Novemba 2024 wamebana visiwa karibu zaidi ili wasikose mishipa midogo ya mkono, na wameongeza tabaka la nyuma linalozima mtetemo wa ziada. Bila hilo fuwele inaendelea kulia kama sahani ya bati na huoni ukuta wa mshipa uko wapi.

Tatizo langu: fuwele bora bado zina madini ya risasi ndani yake. Kitu cha kubandika halafu kutupa, chenye risasi, kwenye mji ambao taka zetu tunazijua.

Nesi_wa_Zamu
Nimesoma hadi hapa: kwenye ngazi nimecheka, kwenye bafu nimelia.

Mimi nimefanya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, miaka sita. Presha ya kila pigo tunayo tayari, mnaisahau: laini ya ateri. Sindano ndani ya mshipa wa kifundo, mrija, maji ya chumvi, kioo kinachora wimbi. Ni sahihi kuliko vyote lakini inauma, inaweza kuvuja damu, inaweza kuingiza maambukizi, na huwezi kumpa mtu aende nayo nyumbani. Ndiyo maana niliposoma hiyo karatasi ya San Diego ya 2024 nilitafuta kwanza: wameilinganisha na nini? Watu walikuwa 117. Saba waliendesha baiskeli, wakala, wakafanya hesabu za kichwa, hata vinywaji vya nguvu walipewa. 85 walipimwa wakikaa na kusimama. Lakini wanaonihusu mimi ni 25: 21 wa maabara ya moyo na 4 wa ICU baada ya upasuaji, hao walilinganishwa na laini ya ateri, na matokeo yalikaribiana. Wanne wa ICU ni wachache. Siwezi kumwondolea mgonjwa wangu sindano kwa ajili ya wanne.

Ila mniruhusu niseme nani angefaidi kwanza hapa kwetu, na si wazee. Ni wazazi. Mama mwenye kifafa cha mimba akishajifungua watu wanashusha pumzi, kumbe presha hupanda tena siku ya tatu hadi ya sita. Siku ya pili ameruhusiwa, yuko Mtongwe au Mshomoroni, nyumba imejaa wageni, anafukizwa udi na anakandwa kwa maji ya moto. Nani atampima siku ya nne usiku? Wahudumu wa afya ya jamii wana mashine kwenye mifuko yao waliyopewa tangu 2023, lakini hawapiti usiku. Nipeni plasta ya siku saba kwa huyo.

Bi_Kibokoni
Hapo nesi umesema. Mke wa mwanangu wa pili alishikwa na kichwa siku ya tano, tukasema ni uchovu wa wageni. Alhamdulillahi alipona.

Sasa suala langu la pili. Hiyo plasta hubandikwa wapi?

Fundi_wa_Tudor
Bi, kwenye majaribio mengi mkono wa mbele, kati ya kifundo na kiwiko. Mshipa uko karibu na ngozi.

Bi_Kibokoni
Na udhu?

Nahodha_Likoni
😂😂😂 Marekani hawakufikiria hilo.

Fundi_wa_Tudor
Bi umenikalisha kitako. Nimesoma karatasi zote hizi sikufikiria.

Maalim_Mtwapa
Bi Kibokoni ameuliza la maana, msicheke. Kuosha mikono hadi viwikoni ni faradhi ya udhu na maji yafike kwenye ngozi. Mwenye jeraha ana ruhusa ya kupangusa juu ya bandeji, lakini hiyo ni dharura. Mtu mzima wa afya anayebandika chombo cha kupimia kwa wiki nzima, wanazuoni watamuuliza: ulikosa mahali pengine? Mara tano kwa siku, mara saba, hesabu mwenyewe. Watu wataibandua.

Kijana_wa_Saketi
Maalim, ipo pengine! Juu ya kiwiko, upande wa ndani, chini ya msuli. Mshipa wa hapo una kama milimita 4, mkubwa kuliko wa kifundo, ndio huo huo mkanda unaoubana. Maji ya udhu hayahitaji kupita kiwiko.

Fundi_wa_Tudor
Na faida ya pili ambayo wengi hawaijui: pale pako usawa wa moyo. Kifundo cha mkono kikipanda sentimita 10 juu ya moyo, kipimo kinashuka kama 7 au 8. Ukiuning'iniza mkono, kinapanda. Mtu aliyeshika bomba la juu kwenye matatu, kifundo chake kinasema hana presha kabisa. Mkono wa juu unatikisika lakini hauendi mbali na moyo.

Hasara: ndani ya mkono wa juu ndipo jasho lilipo, na msuli ukikaza mshipa unasogea kando.

Daktari_Mstaafu
Nimewasoma kimya kimya. Vijana, mnafanya vizuri, lakini mmeruka kitu kimoja na nitakirudia mpaka kiingie.

Fundi amesema mshipa unapimwa ugumu mara moja kwa mkanda. Mara moja ya lini? Ukuta wa ateri za mkono una misuli. Baridi inaukaza, kuoga maji ya moto kunaulegeza, na baadhi ya dawa za presha kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya kulegeza. Mama wa fundi akimeza kidonge saa mbili asubuhi, saa sita mshipa wake ni laini zaidi. Unatanuka zaidi kwa presha ndogo. Plasta itaona umetanuka itasema presha imepanda, kumbe imeshuka. Hapo ndipo mtu anaongezewa dawa tena na anaanguka tena bafuni, safari hii kwa teknolojia ya kisasa. Na mwenye sukari ya miaka ishirini, ukuta wake umejaa chokaa, hautikisiki vya kutosha.

Mashine za mkanda zina kanuni yake ya kimataifa: watu 85 wasiopungua, wastani wa kosa usizidi milimita 5 za zebaki, mtawanyiko wa makosa usizidi 8. Lakini hizo ni namba za mtu aliyetulia kitini. Chombo kisicho na mkanda lazima kithibitishe kwamba presha ikibadilika nacho kinabadilika, kwa kiasi kile kile na kuelekea upande ule ule. Nyingi huanguka hapo.

Fundi_wa_Tudor
Daktari, shikamoo. Nakubali, na ndiyo sababu siwezi kumwambia mtu atupe mkanda. Kuna njia nyingine ya watu wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California, waliyoionyesha mwaka 2024, inajaribu kukwepa kabisa hiyo kalibrasheni. Wanautikisa mshipa kwa sauti ya chini, na kwa ultrasaundi wanatazama unaitikia kwa mtetemo gani. Mpiga udi anajua: kaza waya sauti inapanda, legeza inashuka. Presha ikipanda ukuta wa mshipa unakazwa na mlio wake unapanda. Ukijua upana na mlio, presha unaipata bila mkanda. Mimi naiona ndiyo njia, ingawa plasta ya San Diego imekwenda mbele zaidi kwa wagonjwa.

Mimi, daktari, sitafuti namba. Ningepewa umbo tu la usiku ningeridhika. Presha ya mtu mzima hushuka asilimia 10 hadi 20 akilala. Asiyeshuka ana hatari zaidi, na mamangu alikuwa akishuka kupita kiasi. Hata chombo kikikosea kwa 8 juu au chini, kingenionyesha shimo la saa tisa. Hilo lingetosha kumwokoa kifundo.

Daktari_Mstaafu
Marahaba. Kwa hilo la usiku nakuunga mkono. Mtu amelala, hatembei, haogi, mkono umetulia. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila nani atalisoma hilo wimbi la saa nane nzima kwa watu mia? Mimi nilikuwa na dakika sita kwa mgonjwa.

Nesi_wa_Zamu
Na kengele. Msisahau kengele. Kifaa kinacholia kila dakika, usiku wa pili nesi haisikii tena.

Nahodha_Likoni
Nimerudi. Swali la mvuvi: geli ya ultrasaundi hukauka upesi, nimeiona wakati mke wangu anaskaniwa. Hii ya siku mbili yakaaje?

Kijana_wa_Saketi
Swali zuri kaka. Kikundi cha MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts kule Marekani, walitoa stika yao 2022, wakasema inakaa saa 48. Geli yao si ya kupaka, ni ngumu kama halua iliyopoa, imefungwa ndani ya utando mwembamba wa mpira ili maji yasitoke, na utando wenyewe ndio unaonata. Lakini 48 za chumba chenye kiyoyozi au 48 za Kongowea saa saba mchana wakati wa kaskazi?

Fundi, Jumamosi uko dukani? Tujaribu mambo mawili tu, kushika na kukauka. Hakuna saketi. Silikoni, halua ya geli katikati, gundi ya plasta ya wagonjwa. Tuone nini kinabanduka.

Fundi_wa_Tudor
Njoo saa nne.

Fundi_wa_Tudor (siku tano baadaye)
Ripoti. Tulikata sita, ukubwa wa stempu kubwa. Hizi si chombo, ni bonge la silikoni na geli tu, mtu asije akaandika Mombasa wamegundua.

Kijana alibandika moja mkono wa mbele moja mkono wa juu, akatoka Tudor kwa miguu hadi Marikiti, akarudi kwa tuktuk. Ya mbele ilianza kuinua pembe kabla hazijapita saa mbili, jasho limeingia chini. Ya juu ilikaa lakini alipoibandua geli ilikuwa imepungua ukingoni, nafasi ya hewa kama ukucha wa mtoto. Hewa ni adui, sauti haipiti hewani kwenda mwilini, inarudi yote. Kwa hiyo plasta inaweza kuwa imeshika na bado ni kipofu. Hilo sikulitarajia, nilidhani kazi ni gundi.

Nahodha alibandika zake mbili akavuka feri na kurudi, akasaidia kushusha makasha ya samaki. Zote mbili zilikwenda. Moja hatujaiona mpaka leo.

Nahodha_Likoni
Iko ndani ya kasha la changu. Mtu atakula presha yangu kwa wali wa nazi.

Fundi_wa_Tudor
Za mamangu ziliwekwa mkono wa juu tu, moja kila upande. Alitia udhu mara tano, alipika, alilala. Ya kushoto ilikaa saa 19 na geli nzima isipokuwa ukingo mmoja. Ya kulia ilibanduka usiku, analalia upande huo. Nilimuuliza asubuhi kama ilimsumbua. Akaniuliza, "Ipi?"

Bi_Kibokoni
Mwanangu, Jumamosi nyingine nifanyie mimi. Na nilalie upande gani?

Daktari_Mstaafu
Bi, lala chali ukiweza, kushoto usipoweza. Fundi, leta ile skani ya kubeba na mkanda wako mzuri usiovuja. Tumpime Bi upana wa mshipa wa mkono wa juu kabla ya kidonge na saa nne baada ya kidonge, mkanda ukiwa pembeni kila mara. Nataka nione hilo la kulegea kwa macho yangu.

Fundi_wa_Tudor
Mwenye skani amekuja kuichukua jana. Nitamwomba aniazime kwa siku moja. Duka liko chini, Bi, hakuna ngazi.